Tujuane kwa kitendawili kabla ya majina

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hunijia akilini kila mwaka masomo yanapoanza, ninapoingia katika ukumbi wa mihadhara na kukuta nyuso nisizozijua zimenielekea. Wageni wamekuja. Lakini je, mwenyeji hupona? Mimi mwalimu, pamoja na darasa zima, hupata nini kutokana na ujio wa watu hawa? Kwa miaka mingi jibu la kweli lilikuwa kwamba hatupati chochote, kwa sababu hatukuwapa wageni wetu nafasi ya kukitoa walichokuja nacho.

Kila msomaji aliyepitia shule zetu anaujua utaratibu wa siku ya kwanza. Mwalimu hufungua orodha ya majina, kisha huwataka wanafunzi wasimame mmoja baada ya mwingine na kujitambulisha. "Kwa majina naitwa fulani, natoka kaunti fulani, nilisomea shule fulani." Aketi. Anayefuata husema yayo hayo, akabadilisha jina, kaunti na shule. Anapofikiwa wa kumi, wa kwanza amekwisha kusahaulika, na anayesubiri zamu yake hasikii lolote kwa kuwa moyo unamdunda. Baada ya nusu saa mwalimu husema, "Vyema, sasa tumejuana," kisha hugeukia ubao.

Tumejuana wapi? Tazama yale mambo matatu ambayo mwanafunzi ameyasema. Jina alipewa na wazazi wake. Kwao alizaliwa tu, hakuulizwa. Shule aliitiwa kwa alama za mtihani. Katika hayo yote hamna hata moja alilolifikiri mwenyewe. Amesoma hati yake kwa sauti, basi.

Tena katika nchi yetu hati hiyo si kitu cha kuchezea. Mkenya akishataja jina lake la pili, wasikilizaji huwa wamekwisha kumweka katika kapu, wakalifunga na kifuniko. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, na wapo waliosimamishwa barabarani wakaulizwa kitambulisho ili jina liamue kama watapita au hawatapita. Wanafunzi wanaoingia chuo kikuu leo walikuwa wachanga au hawajazaliwa wakati huo, lakini wamelelewa na watu wanaokumbuka. Si ajabu basi kwamba wapo wanaolitaja jina lao la pili kwa sauti ya chini.

Sisemi hivi kwa kuyadharau majina. Mimi ni mwanaisimu, na jina kwangu ni hazina. Otieno anatuarifu kwamba alizaliwa usiku, na Nekesa kwamba alizaliwa wakati wa mavuno. Ninalolisema ni kwamba jina likitangulia, mara nyingi humziba mwenyewe. Nashauri tulicheleweshe kidogo, ili mtu aonekane kwanza.

Nina deni lililonifikisha katika maoni haya, nami sina budi kulitaja. Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliacha masomo katikati ya muhula. Babake alisafiri kutoka mashambani akaja ofisini kwangu. Alitaka kujua kama nilikuwa nimeona dalili yoyote. Je, alionekana mnyonge? Alikuwa na rafiki? Alizoea kuketi upande gani? Nilifungua kitabu cha mahudhurio. Nilikuwa nimeliita jina la mwanawe mara kumi na nne, naye alikuwa ameitika mara zote kumi na nne. Zaidi ya hapo sikuwa na neno la kumpa mzee yule. Hata sura ya kijana sikuikumbuka. "Asante, mwalimu," aliniambia, akavaa kofia yake, akaondoka. Shukrani ile iliniuma kuliko tusi.

Tangu siku hiyo nilianza kutafuta njia ya kuwaondolea wanafunzi ugeni. Waingereza wana michezo yao ya kazi hiyo, na huiita kwa jina lenye maana ya kuvunja barafu. Kwao barafu huziba mito na kuzuia vyombo, hivyo msemo unaingia akilini. Kwetu barafu iko kileleni mwa Mlima Kenya na katika majokofu ya wauza soda, na hakuna aliyewahi kukwama kwayo. Katika warsha moja ya walimu niliyohudhuria, tuliombwa kila mmoja aseme angependa kuwa mnyama gani. Tulikuwa watu ishirini na wawili. Kumi na watatu walikuwa simba. Hakuna aliyekuwa punda, ingawa wengi wetu tulikuwa tumebeba mizigo ya punda. Tulicheka, tukanywa chai, tukaachana kama tulivyokutana.

Jibu lilinijia bila kutazamiwa, tena kutoka karibu. Nilikuwa nikifundisha semantiki, katika sehemu ya sitiari, nikataka kutoa mfano. Nikatamka, "Kitendawili!" Ukumbi mzima, watu kama themanini hivi, uliitikia, "Tega!" kwa sauti moja ambayo sikuwahi kuisikia humo. Waliokuwa wakisinzia waliamka. Waliokuwa nyuma kabisa walisogea mbele. Nikatega kile cha nyumba isiyo na mlango, ambacho hata mtoto wa chekechea anajua kwamba jibu lake ni yai, nao wakalijibu kwa furaha kana kwamba wamelivumbua wao. Nikajiuliza: iwapo neno moja linaweza kuwaunganisha watu hivi, kwa nini ninaanza muhula kwa orodha?

Muhula uliofuata nilijaribu jambo ambalo nimeliendeleza hadi leo. Siku ya kwanza siiti majina. Nampa kila mwanafunzi karatasi tupu na dakika kumi za kimya. Kazi yake ni kutunga kitendawili kimoja ambacho jibu lake ni yeye mwenyewe. Masharti ni matatu. Kwanza, kiwe cha kweli. Pili, kisitaje kabila, dini, kaunti wala alama za mtihani. Tatu, kisimfichue mtu kupita anavyotaka, kwani kila mmoja ndiye mwenye ufunguo wa sanduku lake.

Baadaye hutegeana kwa utaratibu wetu wa jadi. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wenzake huitikia "Tega!" Anatega. Wenzake wana nafasi tatu za kutegua. Bila shaka kila mtu anajua kwamba jibu ni huyo aliyesimama mbele yao, lakini swali ni je, ni yeye wa namna gani? Ana nini ndani yake kinachofanana na maneno yale? Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Wakimpa Mombasa au Kisumu, anaupokea, anatueleza alivyokaribishwa huko na alichokula, na ndipo anapotoa jibu. Mwisho kabisa hutaja jina lake, na wakati huo kila mtu huwa na hamu ya kulisikia.

Nimeyasikia mengi kwa njia hii. Kijana mmoja alitega, "Naogelea mito mitatu, wa nne hunizamisha." Wenzake walitaja mapenzi, pombe na deni. Jibu lilikuwa kwamba anazungumza Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza bila taabu, lakini hesabu ilimshinda tangu darasa la nne. Watu wengi walicheka kwa kujiona katika mto huo wa nne.

Msichana mmoja alitega, "Naamka kabla ya jogoo, naye jogoo ndiye anayesifiwa." Hakuna aliyetegua. Tulimpa Malindi, akala samaki wake, kisha akatueleza kwamba yeye ni kifungua mimba, na kwamba alikaa nyumbani miaka miwili akiuza mboga ili ndugu zake wa kiume watangulie kusoma. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba sasa ni zamu yake kuwika.

Ninachokikumbuka zaidi ni cha mwanafunzi aliyekuwa akirudia somo hilo, ambaye wenzake wengi walimfahamu. Alitega, "Mkiwa gizani nang'aa, mkiwasha taa napotea." Walitaja nyota, kimulimuli na mshumaa. Walipompa mji alikataa kula, akasema hana njaa. Jibu lake: "Mimi ni rafiki wa wiki ya mitihani. Mnanitafuta mnapotaka daftari langu, na mitihani ikiisha hamnijui." Kicheko kilianza upande mmoja wa ukumbi kikafa kabla ya kufika upande wa pili. Baada ya kipindi niliona vijana wawili wakimngojea mlangoni. Sikuuliza walizungumza nini.

Huenda msomaji akauliza kwa nini niwazungushe wanafunzi hivyo. Kwa nini wasiambiwe waseme wazi wao ni watu wa aina gani? Nimejaribu hilo pia. Ukimwambia kijana wa miaka kumi na minane ajieleze, atakwambia kwamba ni mchapakazi, mcha Mungu na mpenda amani. Ni maneno ya barua ya kuomba kazi. Sitiari haimruhusu kukimbilia huko. Inamlazimu atafute kitu kimoja ulimwenguni kinachofanana naye, na katika kutafuta anajitazama. Aristotle aliandika katika kitabu chake cha balagha kwamba vitendawili vizuri hutupatia sitiari nzuri. Nami naongeza kwamba huwapa watu haya nguo ya kuvaa. Waswahili wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwanamke wa pwani asiyeweza kumtamkia jirani neno zito usoni hujifunga kanga yenye maandishi yanayolisema, akapita mlangoni pake. Ukweli umesemwa, na kila mmoja amebaki na stara yake.

Nalo neno lenyewe, kujitambulisha, linatufundisha. Shina lake ni tambua. Tukilinyambua kwa mnyambuliko wa kusababisha tunapata tambulisha, yaani kumfanya mtu mwingine atambue. Tukiongeza kiambishi -ji-, mtendaji anakuwa yeye yule anayetambulishwa. Kujitambulisha kumesimama juu ya kujitambua. Sisi shuleni tunawadai wanafunzi la kwanza bila kuwapa hata dakika kumi za hili la pili.

Mwaka 1955, wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Joseph Luft na Harry Ingham, walibuni kielelezo ambacho kimesomwa sana tangu hapo. Walikiita Dirisha la Johari. Mswahili akilisikia jina hilo hudhani ni lake, kwa kuwa johari kwetu ni kito cha thamani, lakini hao mabwana waliunganisha tu majina yao mafupi, Joe na Harry. Ni sadfa njema. Dirisha hilo lina vioo vinne. Katika cha kwanza mna mambo yangu ninayoyajua na wenzangu wanayajua. Cha pili kina yale ambayo wenzangu wanayaona ila mimi siyaoni. Katika cha tatu mna ninayoyajua peke yangu na kuyaficha. Cha nne kina yasiyojulikana bado na yeyote.

Kitendawili hugusa vioo vitatu vya kwanza kwa mpigo. Anayetega huchukua kitu kimoja katika vile alivyovificha, akakiweka hadharani kwa kipimo anachokitaka mwenyewe. Wanaotegua nao, hata wanapokosea, humwonyesha jinsi wanavyomwona. Msichana mmoja alitega, "Mlango wangu hufunguka kwa ndani tu." Jibu alilokusudia ni kwamba yeye husema akishapewa muda, asisukumwe. Lakini wa kwanza kutegua alisema, "Maringo." Wa pili pia alisema, "Maringo." Msichana alishangaa. "Kumbe ndivyo mnavyonidhania?" aliuliza. Walikuwa wamekaa bweni moja majuma mawili tu, na tayari walikuwa wamemhukumu kwa ukimya wake. Siku hiyo yeye alijua alivyoonekana, nao wakajua walivyokosea.

Wayunani wa kale walisimulia juu ya Edipode, aliyekutana na zimwi lililowala watu walioshindwa kukitegua kitendawili chake: ni kiumbe gani aendaye kwa miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri na mitatu jioni? Edipode alijibu kwamba ni mwanadamu, akaokoka, akafanywa mfalme. Lakini Sofokile, katika tamthilia tunayoijua kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, anatuonyesha kwamba bwana huyu aliyemjua mwanadamu hakujijua yeye mwenyewe, wala hakujua ni mwana wa nani, na kutojua huko ndiko kulikomwangamiza. Nawaona Edipode wengi siku ya mahafali. Wameyajibu maswali yote ya watahini, lakini ukiwauliza wao ni nani na wanataka nini, wanakutolea hati ya digrii.

Najua walimu wenzangu wana pingamizi, na baadhi yake ni za haki. Ya kwanza ni wingi. Mwalimu wa sekondari aliye na wanafunzi sitini darasani, au mhadhiri mwenye mia tatu ukumbini, atawasikiliza lini wote? Hawezi, wala haitakikani. Wagawe katika makundi ya watu sita sita. Kila kundi litegeane kwa nusu saa, kisha lichague kitendawili kimoja, kwa idhini ya mwenyewe, kitegwe mbele ya wote. Vilivyobaki mwalimu atavisoma nyumbani. Mimi huvisoma usiku huohuo, na huwa sitamani kulala.

Pingamizi la pili ni muda. Silabasi ni ndefu na mtihani haungoji. Nakubali. Lakini hebu tuhesabu muda tunaoupoteza muhula mzima tukifundisha watu wasiothubutu kuuliza swali kwa sababu hawamjui anayeketi kando yao. Kipindi kimoja cha siku ya kwanza si hasara. Ni mbegu.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa zoezi hili nilimlazimisha kijana aliyekuwa amesema hana kitendawili. Nilidhani ni uvivu. Nikamsimamisha, nikasema tunamngoja. Alisimama kimya karibu dakika nzima, kisha akatoka nje. Baadaye nilipata habari kwamba alikuwa amemzika mamake wiki hiyohiyo. Nilimtafuta, nikamwomba radhi mimi kwanza kabla ya kumpa pole, kwa maana jeraha la pili nilikuwa nimelitia mimi. Tangu hapo darasani kwangu kuna neno "Napita", na atakayelitamka haulizwi sababu. Mwalimu si tabibu wa nafsi. Akisoma jambo zito katika karatasi ya mwanafunzi, amwite faraghani, na ikibidi ampeleke kwa idara ya ushauri nasaha. Karatasi zenyewe ni siri. Hazibandikwi ukutani, hazipigwi picha, na hazisambazwi katika makundi ya simu. Atakayevunja sharti hilo mara moja hatasikia tena kitendawili cha kweli.

Lipo na sharti la mwisho, ambalo walimu wengi hawalipendi. Mwalimu lazima atege wa kwanza, tena kitendawili cha kweli, chenye kumgharimu kitu. Wanafunzi wetu ni werevu. Ukiwategea cha kujisifu, nao watakutegea vya kujisifu, na wote mtakuwa simba kama tulivyokuwa warshani. Changu mimi hakibadiliki. Huwatazama, nikasema, "Nimemwita mara kumi na nne, akaitika mara kumi na nne, na simjui." Hujaribu simu. Hujaribu mwangwi. Kuna aliyesema mwadhini na mwumini wake. Wakishanipa mji, huwaeleza habari za kijana yule na mzee aliyenishukuru bure. Kisha huwaambia kwamba nimeamua lisinipate tena, na kwamba ndiyo sababu hatukuanza kwa orodha. Baada ya hapo, sijawahi kuona kalamu zikichelewa kuandika.

Ninayo huzuni moja nikitazama shule zetu. Kitendawili tumekifanya kuwa mada ya mtihani. "Taja sifa tano za vitendawili. Eleza dhima yake katika jamii." Mwanafunzi hukariri sifa hizo, hukariri na vitendawili ishirini pamoja na majibu yake, akapata alama zake, akasahau. Babu zetu hawakukariri. Jioni, kandokando ya moto, walitunga vipya, na aliyetunga vizuri alipewa miji. Katika jamii zetu nyingi desturi ni hiyohiyo, ijapokuwa maneno ya kufungulia hutofautiana. Mgikuyu husema "Gwata ndaĩ", na Mkamba "Kwata ndai". Jambo ambalo Wakenya wote wanalo, tumeliweka kabatini kama vyombo vya wageni, tukaenda kuazima michezo ya barafu.

Wakati wa kulitoa kabatini ni huu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetaja umilisi saba wa kimsingi, na miongoni mwake mna mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, na kujiamini. Nimewasikia walimu wakilalamika kwamba umilisi huo unataka vifaa ambavyo hawana, na wazazi wakilia kwamba wanatumwa kununua vitu kila wiki. Zoezi hili halitaki umeme wala tarakilishi. Linataka nusu karatasi, kalamu, na mwalimu aliye tayari kutangulia. Linafaa gredi ya nne kama linavyofaa chuo kikuu, na halihusu mwalimu wa Kiswahili peke yake. Nina rafiki anayefundisha fizikia, na huwataka wanafunzi wake wajifananishe na kifaa chochote cha maabara. Anasema ndivyo alivyomgundua msaidizi wake bora, binti aliyetega, "Napima wenzangu, wa kunipima sijampata."

Kwenu ninyi wanafunzi nina neno pia. Msingoje mwalimu awatake. Chukueni dakika kumi usiku mmoja, mzime simu, mtunge kitendawili ambacho jibu lake ni ninyi. Mtaona kwamba cha kwanza kitakuwa cha kujisifu, cha pili cha kujihurumia, na huenda cha tatu kikawa cha kweli. Kihifadhini. Siku ya mwisho ya muhula mimi huwarudishia wanafunzi karatasi zao na kuwauliza kama kitendawili bado ni chao. Wengi hukibadilisha. Yule aliyekuwa akipotea taa zikiwashwa alikifuta chote. Chini yake aliandika kipya, akanionyesha, kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Hicho sitakisimulia, kwa sababu hakunipa ruhusa.

Ama yule kijana wa mara kumi na nne, sikupata kujua alikokwenda. Angetega nini siku ile ya kwanza, laiti ningempa karatasi? Nimejiuliza mara nyingi, na swali hilo mji hautoshi kulilipa. Lakini wako wengine watakaoketi mbele yenu muhula ujao, enyi walimu wenzangu, na wataitika vizuri mtakapoyaita majina yao. Kabla hamjafungua orodha, semeni neno lile moja ambalo kila mtoto wa nchi hii anajua namna ya kuliitikia, kisha mnyamaze, mwasikilize.